Kumchukua Mbwa Mdogo kwa Baiskeli Mpaka Penye Chanjo

Katika nchi ya Kirinyaga, kuanzia mashamba ya majani chai yaliyo karibu na msitu wa Mlima Kenya mpaka mashamba ya mpunga ya Mwea, ni vigumu kuona boma lisilokuwa na mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe wa maziwa usiku, huwafukuza wanyama wanaokula kuku, na hubweka mgeni anapofika langoni. Wengi wao ni wadogo wa mwili, na wenyewe huwahesabu kuwa viumbe wasiohitaji gharama wala taabu: hula mabaki ya chakula na kulala nje.

Walakini mbwa huyo huyo alindaye nyumba aweza kuingiza mauti ndani yake, asipochanjwa kuzuia kichaa. Chanjo hutolewa na watumishi wa idara ya mifugo, ama ofisini, ama kwenye vituo vinavyowekwa masokoni, shuleni na penye majosho siku zilizotangazwa. Watu wengi wangependa kuwachanja mbwa wao, lakini hushindwa na jambo moja dogo, nalo ni njia. Mbwa wa shamba hakuzoea kufungwa kamba. Matatu haimpokei kwa furaha. Na kumbeba mikononi mwendo wa saa mbili ni kazi nzito. Hapo ndipo baiskeli inapofaa. Mbwa asiyezidi uzito wa kilo 10 hivi anaweza kufikishwa Kerugoya na kurudishwa nyumbani bila madhara, mradi mwenyewe ajue namna ya kumpakia.

HATARI INAYOKIMBIWA

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa pembezoni mwa Nairobi. Mwaka 1928 kilithibitishwa kwa mwanadamu, mwanamke mmoja wa upande wa Ziwa Viktoria. Tangu wakati huo hakijaondoka nchini.

Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Anapouma, huingia katika jeraha na kufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi, na wakati wote huo aliyeumwa hajioni kuwa na ugonjwa wo wote. Dalili zikisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na kwamba karibu 40 katika kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Sababu ya watoto kupatikana zaidi si ngumu kuifahamu. Mtoto ndiye achezaye na mbwa. Kimo chake ni kifupi, basi huumwa karibu na uso. Tena mara nyingi huficha jeraha kwa kuogopa kupigwa. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu kati ya mwaka 2014 na 2030. Mpango wa namna hiyo hautimizwi na madaktari peke yao. Hutimizwa na kila mwenye mbwa anayekubali kuondoka nyumbani asubuhi na kumpeleka.

NAMNA ZISIZOFAA

Namna ya kwanza isiyofaa ni kumtia mbwa katika gunia na kulifunga mdomo. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Ndani ya gunia hewa huwa ya moto upesi, naye aweza kufa kabla ya kufika.

Namna ya pili ni kumfunga miguu na kumlaza juu ya keria kama mzigo wa kuni. Mguu mmoja ukifunguka huingia katika spoku za gurudumu. Mbwa huvunjika mfupa, na mwenye baiskeli huanguka.

Namna ya tatu ni kumfunga kamba shingoni na kumkimbiza nyuma ya baiskeli. Mbwa mdogo hawezi mwendo wa magurudumu. Tena akikata njia ghafula kamba humnyonga yeye na kumwangusha mpanda baiskeli.

Namna ya nne, ambayo hudhaniwa kuwa ya upole, ni kumkumbatia kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mkono wa pili. Atendaye hivyo amebakiwa na breki moja tu, na mbwa akishtuka hana la kumzuia.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, humtia hatiani mtu amchukuaye mnyama kwa namna inayomletea maumivu yasiyo ya lazima. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hasara ingebaki: mbwa aliyeteswa safari ya kwanza huikimbia baiskeli mwaka wa pili, na chanjo hii hutakiwa kurudiwa.

KIKAPU AU SANDUKU

Mtoto wa mbwa wa kilo tatu au nne aweza kuwekwa katika kikapu cha mbele, kilichofungwa imara kwenye usukani. Faida yake ni kwamba mwenyewe humwona wakati wote. Mbwa mzito zaidi asiwekwe hapo, kwa sababu uzito ulio juu ya usukani huupindisha, hasa katika kona na penye mashimo.

Mbwa wa namna hiyo hufaa kukaa nyuma. Keria ya baiskeli kubwa ya kizamani, ile ichukuayo madumu ya maziwa na magunia ya kabichi, ina nguvu ya kutosha. Juu yake huwekwa sanduku la mbao jepesi, au kreti ya plastiki kama zile za mikate. Kuta zake zifike mabega ya mbwa akiwa ameketi, ili asiweze kuruka. Chini litandikwe gunia lililokunjwa, maana mbwa anayeteleza huogopa, na mbwa mwenye hofu hutapatapa. Ikiwa kuta zina matundu makubwa, upande wa chini uzibwe kwa kipande cha ubao au karatasi ngumu, mguu usipate kutokea kwenye spoku. Juu kufunikwe kwa wavu, ili hewa ipite na mbwa asitoke.

Sanduku lifungwe katika pembe zake zote nne. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vinafaa kwa kazi hii, lakini peke yake havitoshi, kwa kuwa mpira hunyumbuka njia ikiwa mbaya. Yafaa kuongeza kamba ya katani iliyokazwa vizuri. Njia ya kujua kama kazi imekwisha ni kulishika sanduku na kulitikisa kwa nguvu: baiskeli nzima itikisike pamoja nalo. Sanduku likicheza peke yake, halijafungwa.

Mwisho, ndani ya sanduku uwepo mkanda mfupi uliofungwa chini. Mkanda huo uunganishwe na mshipi unaozunguka kifua cha mbwa, wala usifungwe shingoni. Urefu wake umruhusu kuketi na kulala, lakini usimfikishe ukingoni. Mbwa aliyefungwa shingoni kwa kamba ndefu akiruka nje hubaki akining'inia kama aliyetiwa kitanzi, na mpanda baiskeli aliyetazama mbele hatajua mpaka amechelewa.

KUMZOESHA

Haifai kumpakia mbwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari. Yapasa juma moja la mazoezi. Siku mbili za kwanza sanduku likae chini uani, na chakula chake kiwekwe ndani yake, aingie na kutoka apendavyo. Siku mbili zinazofuata lifungwe juu ya keria, mbwa awekwe ndani, na baiskeli ishikwe na mtu bila kwenda. Kisha isukumwe kwa miguu mpaka langoni na kurudi. Siku ya mwisho mwenyewe apande na kwenda mwendo mfupi. Mbwa akitetemeka au kulia, arudishwe hatua moja nyuma. Kumpiga kutaharibu kazi yote.

Mwenye baiskeli naye anahitaji mazoezi. Mtu aliyezoea kupanda kwa kupitisha mguu nyuma ya kiti atalipiga sanduku teke. Hana budi kujifunza kuilaza baiskeli kidogo na kupitisha mguu mbele. Tena asimwache mbwa juu ya baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi, hata kwa dakika moja, maana mbwa akigeuka tu vyote viwili huanguka.

SIKU YA SAFARI

Mbwa asipewe chakula muda wa saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, asije akatapika njiani. Maji kidogo yanafaa. Safari ianze mapema, jua halijawa kali, hasa kwa watu watokao upande wa Mwea ambako ni tambarare na joto ni jingi. Wakaao juu, ambako asubuhi za mwezi wa Julai zina ukungu na baridi, wamfunike mbwa kwa kitambaa kizito upande wa upepo. Penye kivuli ni vema kusimama, kumnywesha maji na kumtazama. Akihema kwa nguvu kupita kiasi, mate yakimtoka na macho yakilegea, apumzishwe na kuloweshwa maji mpaka apoe.

Breki zikaguliwe siku moja kabla. Kutoka Kutus kwenda Kerugoya njia hupanda, na taabu ni ya miguu tu. Hatari iko katika kurudi, wakati wa kuteremka na mzigo wenye uhai. Penye mteremko mkali ni busara kushuka na kuisukuma baiskeli. Vivyo hivyo kwenye njia za udongo mwekundu wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, na za Oktoba mpaka Desemba, ambapo gurudumu huteleza bila kutoa habari. Kwenye lami, kati ya malori na pikipiki, mahali pa mwenye mbwa ni kushoto kabisa.

Mahali pa chanjo mbwa hukutana kwa wingi na hugombana. Kwa hiyo mbwa abaki sandukuni, mbali kidogo na wengine, mpaka zamu yake ifike. Cheti cha chanjo kihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine za nyumbani, na tarehe ya kurudia isisahauliwe.

MBWA ASIYEPAKIWA

Yuko mbwa mmoja ambaye hapaswi kupakiwa kwa namna yo yote. Naye ni yule aliyebadilika tabia: aliyekuwa mpole akawa mkali, au aliyekuwa mkali akajificha gizani, sauti yake imebadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza. Mbwa huyo asiguswe. Watoto waondolewe, afungiwe mahali alipo ikiwezekana bila kumgusa, na habari ipelekwe upesi kwa ofisi ya mifugo. Hata mbwa anayeonekana mzima, ikiwa ameuma mtu, yapasa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Na aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile akaelezwe habari ya sindano. Sindano za kumkinga mtu aliyekwisha kuumwa zina historia ndefu: mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimtibu kijana Joseph Meister, aliyekuwa na umri wa miaka 9, naye akaishi. Lakini sindano hizo ni nyingi, zina gharama, na hufaa kabla ya dalili kutokea tu.

Mwenye kupima mambo atazame pande mbili. Upande mmoja pana kreti kuukuu, kamba ya katani, juma la mazoezi na asubuhi moja ya kukanyaga pedeli. Upande wa pili pana mtoto aliyeumwa na mbwa wa nyumbani kwao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.