Kipimo, kiwango na kikomo: lugha ya kufuatilia maji ya mto karibu na mtambo wa makaa ya mawe

Ufuatiliaji wa ubora wa maji ya mto ni upimaji unaorudiwa kwa utaratibu, mahali pale pale na kwa njia ile ile, ili kubaini kama maji yanabadilika na ni kitu gani kinachoyabadilisha. Kupima mara moja si kufuatilia. Kukagua mtambo pia si kufuatilia, kwa kuwa mkaguzi hutazama kama sheria imetiiwa, ilhali mfuatiliaji hutazama mto wenyewe. Pale ambapo mtambo wa umeme humwaga majitaka yake mtoni, kazi hii huzaa taarifa zilizojaa tarakimu. Wanaozisoma ni pamoja na watu wanaokunywa, wanaovua na wanaooga katika maji hayo. Tarakimu hizo hazina maana mpaka zielezwe zimepimwa wapi, lini, na zinalinganishwa na kikomo kipi. Neno moja likipotoka katika tafsiri, msomaji anaweza kuambiwa kinyume cha kilichopimwa.

Makaa ya mawe na majivu yake

Makaa ya mawe ni mwamba unaochimbwa ardhini. Mkaa ni kuni zilizochomwa katika tanuri. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi. Ndani ya makaa ya mawe mna chembechembe za aseniki, seleni, zebaki, risasi na kadimi. Makaa yanapoungua, sehemu kubwa ya chembechembe hizo hubaki katika majivu. Mitambo mingi huyasukuma majivu kwa maji hadi katika bwawa, ambako hutuama na maji ya juu kumwagwa mtoni. Mingine huosha moshi kwa maji na chokaa ili kuondoa salfa, na maji hayo ya kuoshea hubeba sumu zake pia. Hayo yote ndiyo majitaka ya mtambo, nayo hayafanani na majitaka ya majumbani: huenda yakawa maangavu na yasiyo na harufu, lakini yana sumu.

Neno risasi lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu. Katika taarifa ya maji ni heri kuandika madini ya risasi, hasa katika kichwa cha habari, ambako muktadha ni mfupi.

Wapi: upande wa juu na upande wa chini

Kanuni ya kwanza ya kuchagua vituo ni kulinganisha. Kituo kimoja huwekwa kabla maji hayajafika penye bomba la kutolea majitaka, kingine pale yanapotoka, na kingine baada ya majitaka kuchanganyika na mto wote. Bila kituo cha kwanza, hakuna anayeweza kusema kama sumu imetoka mtamboni au imeletwa na mto kutoka mbali.

Wafasiri wengi huandika sampuli ilichukuliwa juu ya mto. Msomaji anaweza kudhani kwamba mtu alisimama darajani. Iliyo wazi zaidi ni sampuli ilichukuliwa upande wa juu wa mkondo, kabla ya bomba la mtambo, na kwa kinyume chake, upande wa chini wa mkondo, baada ya bomba. Umbali nao utajwe. Sampuli iliyochotwa ukingoni, hatua chache chini ya bomba, yaweza kukosa majitaka yanayopita katikati ya mto, au ikayachota kabla hayajachanganyika.

Mashapo yasisahauliwe. Haya ni tope na chembe zinazotua kwenye sakafu ya mto. Metali nyingi hushikamana nayo, hivyo maji yaliyo juu huweza kuonekana yamepona huku sumu ikiwa chini, ikingoja mafuriko yaitibue. Taarifa nzuri hutenganisha aseniki iliyoyeyuka na jumla ya aseniki, yaani iliyoyeyuka pamoja na ile iliyoshikamana na chembe. Mfasiri asiyaunganishe maneno hayo mawili, kwa kuwa tarakimu zake zaweza kutofautiana sana.

Kipimo, kiwango, kikomo

Katika Kiswahili cha kila siku neno kiwango hubeba mizigo miwili: kiasi kilichopatikana na kiasi kinachoruhusiwa. Sentensi kiwango cha aseniki ni mikrogramu 10 kwa lita yaweza kumaanisha kwamba hicho ndicho kilichokutwa mtoni, au kwamba hicho ndicho sheria inachoruhusu. Inafaa kuyagawa maneno hivi: kipimo ni tendo la kupima au matokeo yake; kiwango ni kiasi kilichokutwa; kikomo ni kiasi kisichopaswa kuvukwa. Hivyo: Kipimo cha Jumatatu kilionyesha kiwango cha mikrogramu 40, ilhali kikomo ni mikrogramu 10.

Uzito wa tofauti hii ulionekana katika mto Dan, jimboni North Carolina, Marekani. Tarehe 2 Februari 2014, karibu na mji wa Eden, bomba la maji ya mvua lililopita chini ya bwawa la majivu lilivunjika. Mtambo wenyewe ulikuwa umeacha kuchoma makaa ya mawe tangu 2012, lakini majivu yake yalikuwa bado bwawani. Tani zipatazo 39,000 za majivu ziliingia mtoni pamoja na maji ya bwawa yaliyokadiriwa kufikia galoni milioni 27, yaani lita zaidi ya milioni 100. Upande wa chini wa mkondo upo mji wa Danville, jimboni Virginia, unaochota maji yake ya kunywa katika mto huo huo. Siku chache baadaye, mamlaka ya mazingira ya jimbo ilitangaza kwamba aseniki haikuwa imevuka kikomo cha afya ya binadamu. Kisha ikasahihisha tangazo lake. Sampuli moja iliyochukuliwa siku iliyofuata ajali ilikuwa imezidi kikomo hicho takriban mara nne. Katikati ya matangazo hayo mawili, watu walikuwa wamekwisha ambiwa jambo lisilo kweli. Mwaka 2015 kampuni yenye mtambo ilikiri makosa mbele ya mahakama ya shirikisho na kukubali kulipa dola milioni 102.

Kuna kikomo cha aina nyingine kinachopotosha wasomaji: kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho chombo cha maabara kinaweza kukitambua. Maabara ikiandika kwamba zebaki haikugunduliwa, haijasema kwamba zebaki haipo. Tafsiri hakukuwa na zebaki ni kosa. Sahihi ni zebaki haikugunduliwa, ikifuatwa na kikomo cha ugunduzi cha chombo kilichotumika.

Salama kwa nani?

Maji safi, maji maangavu na maji salama ni mambo matatu. Kusema maji ni salama ni kuanza sentensi bila kuimaliza, kwa kuwa vikomo hutofautiana kwa matumizi. Nchini Marekani, kikomo cha seleni katika maji ya kunywa ni mikrogramu 50 kwa lita. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016 wa kulinda viumbe wa majini unapendekeza mikrogramu 3.1 katika maji yanayotiririka na 1.5 katika maji yaliyotuama. Maji yenye mikrogramu 10, basi, yako ndani ya kikomo cha seleni kwa mnywaji, lakini yamekivuka kwa mbali kikomo cha samaki.

Mfano wake ni ziwa la Belews, katika jimbo hilo hilo la North Carolina, lililotengenezwa ili kupoza mtambo wa makaa ya mawe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 lilipokea maji ya bwawa la majivu. Kiwango cha seleni ziwani kilikuwa karibu mikrogramu 10 kwa lita. Seleni hujilimbikiza kutoka mwani hadi wadudu, kutoka wadudu hadi samaki, na kutoka kwa samaki jike hadi katika mayai. Samaki wakubwa walionekana wazima, lakini watoto wao walikufa au walizaliwa na ulemavu. Kati ya aina 20 za samaki, 19 zilitoweka. Ndiyo maana mwongozo wa 2016 unatanguliza seleni iliyomo katika mayai na nyama ya samaki kuliko ile iliyomo majini.

Kwa hiyo sentensi ikamilishwe: maji ni salama kwa kunywa baada ya kutibiwa, au maji hayafai kwa samaki kuzaliana. Pale ambapo taarifa ya asili haikusema salama kwa nani, mfasiri asijaze pengo kwa kukisia, aulize.

Mbele ya wananchi

Jambo hili haliko mbali na wazungumzaji wa Kiswahili. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilibatilisha leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kushirikishwa huko huhitaji taarifa inayoeleweka, na taarifa ya maji hueleweka pale kila tarakimu inapofuatana na mahali, wakati na kikomo chake. Sentensi ifuatayo yaweza kutumika kama kielelezo:

Sampuli iliyochukuliwa saa mbili asubuhi, nusu kilomita upande wa chini wa bomba, ilikuwa na jumla ya aseniki ya mikrogramu 14 kwa lita. Upande wa juu wa bomba zilikuwa 2. Kikomo cha maji ya kunywa ni 10.

Ni sentensi ndefu, lakini ukiondoa kipande chake chochote, msomaji hubaki akikisia.