‘Hadhuriki ila kwa fedha’: Lugha ya kinga na silaha katika michezo ya mezani

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa mtaa wa Kaloleni, Eastlands, jijini Nairobi, ameniletea swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa sentensi mbili. Yeye na wenzake hukutana wikendi kucheza Dungeons & Dragons. Huu ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika, msimamizi husimulia kisa, na dadu huamua nani amefaulu. Kitabu cha kanuni ni cha Kiingereza, lakini mezani wanaongea Kiswahili. Juzi wamezozana. Msimamizi alisema, “Silaha za kawaida hazimdhuru huyu.” Mchezaji mmoja akaelewa kwamba hazimdhuru sana, akaendelea kupiga kwa upanga wake wa chuma hadi mhusika wake akauawa. Sasa hawasemezani. Msomaji anauliza: Kiswahili kingesemaje ili jambo hilo lisitokee?

Kabla ya kuingia kwenye lugha, tuzitazame kanuni zenyewe. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, kiumbe anaweza kuwa na mojawapo ya hali tatu dhidi ya aina fulani ya dhara. Hali ya kwanza ni kutodhurika kabisa: dadu ikitoa dhara la 9, kiumbe anapata 0. Ya pili ni kudhurika nusu: 9 inakuwa 4, kwa kuwa nusu inayobaki hutupwa. Ya tatu ni kudhurika maradufu: 9 inakuwa 18. Dhara la silaha nalo limegawanywa mara tatu, yaani la kuponda, la kudunga na la kukata. Kiunzi cha mifupa, kwa mfano, hudhurika maradufu kwa rungu kwa sababu rungu huponda.

Juu ya hayo kuna sharti la silaha. Katika toleo hilo la 2014, mtu anayegeuka mbwamwitu hadhuriki kabisa kwa silaha ya kawaida, ila iwe imepakwa madini ya fedha au imetiwa nguvu zisizo za kawaida. Sanamu la jiwe lenye mabawa lina masharti mepesi zaidi: silaha ya kawaida humdhuru nusu. Hapo ndipo vijana wetu walipokwama. Sentensi “hazimdhuru” ilibeba hali ya kwanza na mchezaji akaisikia ya pili. Si kosa la Kiswahili, kwani lugha ina njia ya kuzitenganisha hali hizo, na njia yenyewe imo kwenye vitenzi.

Tazama sentensi hizi tatu:

(a) Kiumbe huyu hadhuriwi na upanga wa kawaida.
(b) Kiumbe huyu hadhuriki kwa upanga wa kawaida.
(c) Upanga wa kawaida haumwingii.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutendwa. Inaeleza kwamba tendo halitokei, lakini haisemi kwa nini. Huenda upanga ni butu, huenda mpigaji ni dhaifu. Sentensi (b) iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hii, hasa inapokanushwa, hueleza sifa ya kitu chenyewe: jiwe halitafuniki, mlima haupandiki. Ukisema “hadhuriki” unaeleza jinsi mwili wake ulivyo, hata kabla ya mtu yeyote kumpiga. Ndiyo maana (b) ndiyo sentensi ya kanuni. Sentensi (c) ni ya mazungumzo, na mitaani utasikia hata “hiyo upanga haimwingii,” ngeli zikiwa zimevurugika. Hata hivyo, kitenzi “kuingia” hapo kimetumika vyema, na ni cha zamani. Mtu aliyesemwa kuwa na dawa ya vita alielezwa hivyo hivyo, kwamba risasi hazimwingii.

Sasa tuje kwenye neno dogo lililobeba mzigo wote: “ila”. Kwa kweli haya ni maneno mawili yanayofanana. Moja ni kiunganishi chenye maana ya “isipokuwa”, kutoka Kiarabu *illa*. La pili ni nomino yenye maana ya dosari au kasoro, kama katika methali “Kizuri hakikosi ila”. Hili nalo ni la Kiarabu, ila kule huanza kwa herufi *ayn*, ambayo matamshi ya Kiswahili hayakuihifadhi. Maneno mawili yasiyohusiana yakakutana katika umbo moja.

Kwa somo letu, kukutana huko kuna faida. Toleo la mwaka 2003 la mchezo huu liliandika kinga ya kiumbe kwa namba na mkwaju: 10/fedha. Maana yake ni kwamba kila pigo hupunguzwa 10, isipokuwa pigo la silaha ya fedha. Mkwaju ule kwa Kiswahili husomwa “ila”: hupunguziwa 10 ila kwa fedha. Na hiyo “ila” ndiyo “ila” yake, yaani dosari yake. Mchezaji hodari hapotezi muda kuuliza kiumbe ana nguvu kiasi gani. Huitafuta ila yake.

Wasimulizi wetu walilijua hilo karne nyingi kabla ya 1974. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, hakuweza kuuawa kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwanawe mwenyewe ndiye anayeitafuta siri hiyo na kuitumia. Angalia ilivyokamilika: aina ya silaha ni sindano, madini ni shaba, aina ya dhara ni kudunga, na mahali ni kitovu. Msimamizi yeyote wa mchezo angeinakili kama ilivyo.

Kwa Wajaluo yuko Luanda Magere wa Kano. *Lwanda* ni mwamba kwa Kijaluo, na mwili wake ulikuwa hivyo: mikuki ya Wanandi iliudunda na kuanguka. Masimulizi yanasema aliozwa binti wa Kinandi, na siku alipougua mke huyo akaambiwa achanje kivuli badala ya mwili. Damu ikatoka. Akatoroka kwenda kuwaambia wa kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukatupwa kwenye kivuli. Hapa ila haiko kwenye silaha, kwa kuwa mkuki ni ule ule wa kila siku. Iko mahali unapolengwa.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mjini, na wakazi wake wengi wana asili ya magharibi mwa Kenya. Jina lake nalo ni la Pwani, kwani kuna Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi. Kijana wa mtaa huo hana haja ya kudhani kwamba wazo la kiumbe asiyeingiwa na silaha limetoka ng’ambo ndani ya sanduku la dadu. Jina la mtaa wake linamwelekeza kwa Liyongo, na huenda babu yake anamjua Magere.

Kuna aina nyingine ya kinga inayopaswa kutofautishwa na hizo. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kisarufi, mtendwa hapo ni risasi: mwili unabaki mwili, silaha ndiyo inayobadilishwa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa iliyofuata. Mezani kanuni inatimia kwa sababu wote wamekubaliana itimie. Bunduki ya mwaka 1905 haikuwa imekubaliana na mtu. Kwa hiyo tunapoeleza kinga, tuseme iko wapi: mwilini, kwenye silaha, au kwenye kitu kilichovaliwa kama hirizi.

Nimalizie kwa istilahi. Kwa hali ya kutodhurika kabisa, napendekeza “kinga kamili”. Kwa kudhurika nusu, wengine wangesema “ukinzani”, neno tulilolizoea kwenye somo la umeme. Mimi napendelea “usugu”. Tayari tunasema usugu wa dawa, na asili yake ni sugu, ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima. Sugu hupunguza maumivu bila kuyaondoa, na hiyo ndiyo maana ya nusu. Kwa kudhurika maradufu, “udhaifu” unatosha.

Nina shaka na “silaha ya kichawi”. Kwa Kiswahili, mchawi hudhuru na mganga huponya au hukinga, na neno la kwanza si la mzaha. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na katika sehemu za Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi. Nyumba za Kaloleni zimekaribiana, na sauti inayosema “nina upanga wa kichawi” inaweza kufika kwa asiyejua kwamba ni mchezo. “Silaha ya kiganga” au “silaha yenye dawa” inabeba maana ile ile bila kumtia mtu matatani.

Kanuni basi ziandikwe hivi: “Ana kinga kamili: hadhuriki kwa silaha ya kawaida, ila kwa yenye dawa au ya madini ya fedha.” Au: “Ana usugu: hudhurika nusu kwa silaha ya kawaida, ila kwa yenye dawa hudhurika yote.” Nimesema “madini ya fedha” makusudi, maana neno “fedha” peke yake litamfanya mchezaji atie mkono mfukoni.

Juma lijalo tutaangalia kauli ya kutendeka katika vitenzi vya asili ya Kiarabu.