Alikufa akisema, ndugu wakasikia mengine!

Wiki hii, mpenzi msomaji, naomba tuweke pembeni mitindo ya nywele na mapishi, tuzungumzie kifo cha binti mmoja. Ni kifo cha zamani, cha mwaka 1926, kule Calcutta, India, jiji ambalo tangu 2001 linaitwa Kolkata. Binti mwenyewe aliitwa Bhubaneswari Bhaduri. Alikuwa na miaka 16 au 17 tu alipojinyonga nyumbani kwa baba yake.

Haya, msichana wa rika hilo akijiua, watu wanasemaje? Wewe unajua, na mimi najua. "Ana mimba huyo!" Dunia nzima midomo ni ile ile. Lakini safari hii kulikuwa na jambo lililowachanganya watu. Siku aliyokufa, Bhubaneswari alikuwa mwezini. Sasa hiyo mimba itoke wapi?

Ilipita karibu miaka kumi ndipo ikajulikana kuwa binti yule alikuwa kwenye kikundi cha siri kilichopigana kwa silaha kumng'oa Mwingereza. Alikuwa amekabidhiwa kazi ya kumuua mtu kwa sababu za kisiasa. Kuua hakuweza, na kuwaangusha wenzake waliomwamini hakuweza pia. Inaonekana alisubiri kwa makusudi siku zake zifike, ili asitokee mtu wa kusema kafa kwa ajili ya mwanamume.

Umeona mambo? Mwili wake ndio aliugeuza barua. Na bado, miaka mingi baadaye, wapwa zake walipoulizwa habari za shangazi yao, walijibu kuwa eti yalikuwa mambo ya mapenzi ya wizi. Yaani yote yale, kazi bure!

Mama mwenyewe ni nani?

Aliyekuwa akiulizia kifo hicho ni Gayatri Chakravorty Spivak, na marehemu alikuwa ndugu wa bibi yake. Mama huyu alizaliwa Calcutta, Februari 24, 1942. Baba yake alikuwa daktari, akafariki Gayatri akiwa na miaka 13. Mwaka 1959 alimaliza shahada ya Kiingereza katika Chuo cha Presidency kwa daraja la kwanza, na 1961 akaenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Cornell kwa pesa za kukopa. Msichana wa miaka 19, peke yake, na deni mkononi. Si mchezo!

Jina la Spivak alilipata kwa mumewe wa kwanza, Mmarekani. Ndoa ilivunjika, jina likabaki. Mwaka 1976 alikitafsiri kwa Kiingereza kitabu kigumu cha mwanafalsafa wa Ufaransa, Jacques Derrida, akakiandikia na utangulizi mrefu ambao peke yake ni kama kitabu. Wasomi wakauliza, huyu katokea wapi?

Lakini moto wenyewe aliuwasha mwaka 1988, alipochapisha makala yenye swali fupi: je, mnyonge anaweza kusema? Mnyonge anayemtaja siyo kila mwenye shida. Neno lake alilitoa kwa Mwitalia Antonio Gramsci, na maana yake ni mtu wa chini kabisa, asiye na mlango wowote wa kufikishia neno lake kwa wakubwa.

Mfano wake mkubwa ulikuwa wajane wa Kihindu waliochomwa moto pamoja na maiti za waume zao. Mwaka 1829 gavana Mwingereza, Lord William Bentinck, aliipiga marufuku mila hiyo. Waingereza wakajisifu kuwa wamewaokoa wanawake. Wanaume wa pale waliotetea mila nao wakadai kuwa wajane wenyewe ndio waliotaka kufa. Spivak akauliza: na mjane je, alisema nini? Ukipekua makaratasi ya wakati ule, neno lake hulioni. Hata majina ya waliochomwa yaliandikwa ovyo ovyo kwenye taarifa za polisi.

Sikiliza vizuri hapo, maana wengi humwelewa vibaya. Hatetei kuchoma wajane, hata kidogo. Anachosema ni kwamba mabwana wawili walikuwa wakigombana juu ya kichwa cha mwanamke, na kila mmoja akajifanya msemaji wake. Ndiyo maana akamaliza kwa kusema mnyonge hawezi kusema. Siyo kwamba hana mdomo. Kusema kunakamilika pale anapopatikana wa kusikia. Baadaye, katika kitabu chake cha 1999, alieleza kuwa kauli ile aliitoa kwa uchungu, na kwamba haikuwa ya busara. Kilichomchoma ni kuona kuwa hata wanawake wa ukoo mmoja na Bhubaneswari hawakumsikia.

Sifa na lawama

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu 1991 mama huyu yuko Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 2007 alipewa cheo cha juu kabisa cha uprofesa pale, mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kukipata. Mwaka 2012 Japani ilimpa Tuzo ya Kyoto. Mwaka 2013 India ikampa nishani ya Padma Bhushan. Mwaka 2025 Norway ikamtunukia Tuzo ya Holberg, krona milioni 6.

Lawama nazo zipo. Mwaka 1999 mhakiki wa Uingereza, Terry Eagleton, alimchana kwa kuandika mambo yasiyoeleweka. Mimi hapo namuunga mkono Eagleton kidogo, maana kurasa zake nyingine unazisoma mara tatu kichwa kinauma. Na Mei 2024, kwenye mhadhara jijini Delhi, alimkatiza mwanafunzi aliyekuwa akiuliza swali ili amsahihishe matamshi ya jina la Du Bois, msomi Mmarekani mweusi. Watu wakamjia juu: mama wa wanyonge, mbona mnyonge kafungwa mdomo? Swali lake mwenyewe likamrudia mlangoni.

Kinachonivutia mimi kuliko tuzo zote ni kazi asiyoipigia kelele. Tangu 1986 amekuwa akiendesha shule ndogo za msingi vijijini, magharibi ya Bengal, kwa watoto wa watu wasio na ardhi. Huenda huko mwenyewe, anakaa na walimu, anawafundisha namna ya kufundisha. Kwake kumsemea mnyonge hakutoshi. Mtoto wa mnyonge afundishwe mpaka aweze kuuliza mwenyewe, na mkubwa naye ajifunze kunyamaza. Pia amemtafsiri mwandishi wa Kibengali Mahasweta Devi, aliyeandika habari za wanawake wa makabila ya porini, watu ambao India yenyewe iliwasahau.

Sasa turudi kwetu. Ni mara ngapi tumehudhuria semina ya akina mama wa kijijini, imejaa wasomi wenye mikoba mizuri, na mama wa kijijini mwenyewe hayupo? Akiwepo, kaletwa aimbe na kupiga vigelegele wakati wa kumpokea mgeni rasmi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini kwenye mikutano yetu wanaoieleza ni wapita njia.

Kwa hiyo, msomaji wangu, akifa jirani au akiachika dada yako, kabla hujasema "najua sababu," mpe nafasi aliye hai aseme mwenyewe. Na aliyekwisha kufa, angalia kwanza alituachia alama gani. Bhubaneswari aliacha alama kubwa kuliko zote alizoweza, na bado watu walichagua umbea.