Swali la aiskrimu lililochekwa darasani na funzo lake kwa lori la mahindi

MWAKA 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji.

Siku moja nafasi ya friji iligombewa. Mwanafunzi mmoja aliingiza maziwa yake bila kuyachemsha. Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu, aliona akisubiri yake yapoe atakosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Jibu lilikuwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Waliomuunga mkono hawakuwa wasomi. Wakati wa likizo, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba yeye huweka mchanganyiko wa moto ili ugande upesi, na kwamba wauzaji wengine wa Tanga hufanya hivyo hivyo. Wachuuzi walikuwa wakilitumia kibiashara jambo ambalo darasani liliambiwa haliwezekani.

Mpemba alifika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, na swali lake likiwa bado hai. Huko mwalimu mwingine alilifanyia mzaha, na wenzake wakadakia. Ndipo Dk Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kutoa mhadhara. Mpemba aliuliza tena, na darasa likacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio, na fundi akaona maji ya moto yakitangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, Physics Education. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2016, watafiti Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha, wakionyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Canada waliona jambo linalofanana na hilo katika majaribio ya chembe ndogo ndani ya maji. Zaidi ya nusu karne baadaye, swali la kijana wa Magamba bado linawapa wanasayansi kazi.

Kwa mzazi anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo na kulipa karo kwa faida ya mzigo huo, kisa hiki kinamhusu. Je, mwanawe akileta darasani jambo aliloliona sokoni, atapimiwa au atachekwa?

Sayansi ilipofunga mpaka

Wafanyabiashara wa nafaka hawajasahau Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kusimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwamo la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Hesabu hiyo ni ya darasani. Sehemu 10 katika bilioni ni miligramu 10 katika tani moja. Lori la tani 30 linafikia kikomo likiwa na miligramu 300, yaani chini ya theluthi moja ya gramu, iliyotawanyika katika mzigo mzima. Hakuna jicho linaloweza kuiona, wala kuchemsha ugali hakuiondoi.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 vifo vilitokea pia Dodoma na Manyara, Tanzania.

Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaostawi nafaka inapohifadhiwa ikiwa na joto na unyevu. Ndiyo maana kiwango cha Jumuiya kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mwanafunzi aliyekariri sifa za kuvu kwa ajili ya mtihani anaweza kupata alama zote na bado asimwonye mama yake anayeanika mahindi kwenye udongo mtupu.

Chupa, chumvi na mahindi

Somo hilo halihitaji maabara ya gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, yenye kifuniko. Jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi na hayafai kuwekwa ghalani. Kuta zikibaki safi, unyevu uko chini ya hapo.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinaonyesha unyevu, hakionyeshi sumu, na chupa safi haithibitishi kwamba asilimia 13.5 imefikiwa. Cheti cha maabara kinabaki pale pale. Lakini kinamzuia mnunuzi kulipia gunia bichi kabla halijapakiwa.

Darasani, chupa hiyo inaweza kubeba kipindi kizima. Kundi moja linapima mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, la pili yaliyoanikwa chini, la tatu yaliyotoka shambani jana. Kabla ya kutikisa, kila mwanafunzi anaandika anachotarajia na sababu yake. Kisha wanatazama, na mwisho wanaeleza kwa nini walipatia au walikosea. Utaratibu huu wa kutabiri, kutazama na kueleza ulichambuliwa na watafiti wa Australia, Richard White na Richard Gunstone, katika kitabu chao cha mwaka 1992. Nguvu yake iko katika hatua ya kwanza: aliyekwisha kuandika utabiri wake hawezi kujifanya alijua tangu mwanzo.

Njia za namna hii zina ushahidi. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko waliofundishwa kwa kushirikishwa.

Katika ukanda huu kazi hiyo si ngeni. Kenya ilianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Msingi wake ulikuwa vitendo, mwanafunzi kuwa kiini cha somo, majaribio, na kubuni vifaa kwa kilichopo. Uganda ilianza mradi wake wa jinsi hiyo mwaka 2005, na Rwanda ikafuata mwaka 2008.

Mitaala imebadilika, swali limebaki

Sasa nchi nne zimeandika nia hiyo kwenye mitaala. Rwanda ilianza mwaka 2016, Kenya ikafuata mwaka 2017, Uganda ikageukia sekondari ya chini mwaka 2020, na Tanzania ikaanza mitaala mipya Januari 2024. Kenya wanauita umilisi, Tanzania umahiri. Nia ni moja: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, si kwa anachokumbuka pekee.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Darasa likiwa na wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, kuandika ubaoni ni rahisi kuliko kugawa chupa. Mtihani ukiendelea kuuliza fasili, mwalimu atafundisha fasili. Na kwa Tanzania kuna mzigo wa ziada: mtoto wa shule ya msingi ya umma anayejua usanisinuru na tindikali kwa Kiswahili huanza upya kwa Kiingereza akifika kidato cha kwanza. Mwenye swali kama la Mpemba anaweza kulimeza kwa kukosa maneno tu.

Wazazi wa mpakani wana nafasi yao. Wao ndio wenye mizani, lita za maziwa, magunia na maghala, vitu ambavyo shule nyingi hazina. Debe la mahindi ya mfano au mizani iliyoazimwa kwa asubuhi moja ni mchango halisi. Na katika kikao cha wazazi, pamoja na kuuliza nafasi ya mtoto darasani, waulize pia: muhula huu amefanya majaribio mangapi kwa mikono yake mwenyewe?

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa na jambo la kueleza, na kijana aliyemsikiliza alilipeleka hadi kwenye jarida la kimataifa, kwa kuwa hatimaye alipatikana mtu mmoja aliyekubali kulipima.