Fahamu: Mgonjwa akilazwa kwa dawa, nani anajua kama ubongo umelala?

Mgonjwa aliyepewa ketamini anaweza kulala macho wazi, mboni zikichezacheza. Hasikii kisu, ingawa mtu asiyezoea angeapa kwamba yu macho.

Ketamini inafaa sana mahali kama Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo: haizimi pumzi kirahisi wala haidai mashine kubwa ya gesi. Hospitali ya Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ilisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka kuanzia 2003, katika eneo lililochoshwa na vita.

Kwenye hospitali tajiri, mtaalamu wa nusukaputi hubandika utepe kwenye paji la uso. Utepe hunasa umeme hafifu wa ubongo, ule ambao Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924. Kompyuta huugeuza kuwa namba: karibu na 100 mtu yu macho, 40 hadi 60 anaweza kupasuliwa.

Kuzinduka katikati ya upasuaji ni nadra. Uchunguzi wa Uingereza na Ireland uliotolewa 2014 ulikuta kisa 1 kwa takriban wagonjwa 19,000. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji chini ya nusukaputi, 1 kwa takriban 670. Tofauti hiyo inatisha.

Tatizo la utepe huo ni kwamba ketamini huchangamsha mawimbi ya ubongo, na namba hubaki juu hata mgonjwa akiwa amezama. Kukileta kifaa hicho Fizi bila mafunzo kungewapotosha wauguzi. Kitangulie kile cha kidoleni kinachopima oksijeni, pamoja na muuguzi anayetazama jasho, machozi na kidole kinachojikunja ghafla.