Je, Wajua? Wezi Wanaopita Mlango wa Uani

Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele wanakopiga hodi wageni, na mlango wa uani wanakopita wenyeji bila kumwuliza mtu. Mtandao wa kampuni nao una uani wake: huduma zinazomwezesha mfanyakazi aliye nyumbani au safarini kuingia kwenye kompyuta za kazini. Wadukuzi wanaujua sana mlango huo.

Je, wajua kwamba senti 75 ziliwahi kumfichua jasusi? Mwaka 1986, mwanafalaki Clifford Stoll, aliyehamishiwa kitengo cha kompyuta katika Maabara ya Lawrence Berkeley, California, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75. Mwingine angezitoa mfukoni, yakaisha. Stoll alichimba, akakuta kuna mtu anaingia kwa laini ya simu na kuifanya maabara daraja la kufikia kompyuta za jeshi la Marekani. Mara nyingi mtu huyo hakuvunja kitu. Alijaribu tu nywila zilizokuja na mashine, ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha. Stoll akaazima printa za wenzake, akaziunga kwenye laini, kila alichoandika mgeni kikachapwa.

Tatizo ni kwamba mgeni hakukaa muda wa kutosha simu yake kufuatwa. Mpenzi wa Stoll ndiye aliyetoa wazo la kumtilia chambo: yakatungwa mafaili marefu ya uongo kuhusu ulinzi dhidi ya makombora. Mdukuzi akanogewa, akakaa kuyasoma, na simu ikafuatwa hadi Hannover, Ujerumani Magharibi. Jina lake Markus Hess, na alichokipata kilikuwa kikiuzwa kwa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti. Hadi leo kampuni huweka seva za chambo ambazo hakuna mfanyakazi mwenye sababu ya kuzigusa. Anayezigusa amejitaja mwenyewe.

Wako mafundi wanaodhani kubadilisha namba ya mlango kunatosha. Huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, RDP, kwa kawaida husikiliza kwenye poti 3389. Wao huihamishia poti nyingine, wakalala usingizi mnono. Sasa, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap. Kompyuta moja yenye intaneti ya kasi ikiwa na programu hiyo inaweza kubisha poti moja katika anwani zote za intaneti za aina ya IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Kuhamisha namba ni kujificha nyuma ya mnazi. RDP haipaswi kuonekana kabisa kutoka nje.

Kikulacho ki nguoni mwako: Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakitapeliwa kwa AnyDesk na ScreenConnect, programu halali wanazotumia mafundi kila siku kuendesha kompyuta wakiwa mbali. Barua pepe ilimsukuma mtu kupakua toleo lisilohitaji kusakinishwa, kwa hiyo halikuomba ruhusa ya msimamizi wa mfumo. Kisha matapeli wakamwambia afungue akaunti yake ya benki, wakabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye skrini ili aamini amerudishiwa pesa nyingi kupita kiasi, wakamwomba arudishe ziada. Ziada yenyewe haikuwepo. Programu ya kuzuia virusi ilinyamaza, maana hapakuwa na kirusi. Dawa ni kampuni kuchagua programu moja ya kazi hiyo na kuzuia nyingine zote.

Je, wajua kwamba uchovu nao ni silaha? Kampuni nyingi zimeweka hatua ya pili: ukishaandika nywila, simu inakuuliza kama ni wewe. Septemba 2022 mdukuzi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi wa Uber alituma maombi hayo tena na tena, mpaka mwenye simu akabonyeza kukubali. Mei 2023 Microsoft ikaanza kuwalazimisha watumiaji wa programu yake ya uthibitisho kuandika namba wanayoiona kwenye skrini. Usingizini huwezi.

Lakini kwenye kampuni ya Colonial Pipeline, mlango mmoja haukuwa hata na hatua hiyo ya pili. Bomba lake husafirisha karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani. Mwaka 2021 wadukuzi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali, isiyotumika tena, ambayo hakuna aliyeifunga. Mkurugenzi wake wa wakati huo, Joseph Blount, aliiambia kamati ya Baraza la Seneti kwamba nywila ilikuwa ngumu. Ugumu ungesaidia nini, ikiwa imeshavuja? Mei 7 kampuni ililizima bomba zima kwa mkono wake yenyewe, ikawalipa wadukuzi kikombozi cha bitcoin 75, thamani yake dola milioni 4.4, na mafuta hayakuanza kupita tena hadi Mei 12.

Kazini kwenu, nani aliacha kazi mwaka jana? Kesho mwulize fundi wenu kama akaunti ya huyo aliyeondoka imefungwa.