Fani ya Pili Katika Chuo cha Uhandisi: Mtoto Achague Nini?

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa wazee wenye watoto ng'ambo ni hili: mtoto ameleta habari kwamba anataka kuchagua "fani ya pili", na fani yenyewe ni historia, au uchumi, au hata muziki. Je, si tulimpeleka akasome uhandisi? Wazee wengine hukasirika, na hasira yao si ya bure. Nauli ya mtoto imetoka katika karafuu, na mwenye shamba anajua ni magunia mangapi yaliyopita juu ya mizani mpaka nauli ikatimia. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi huingia katika shahada moja iliyokwisha pangwa, akaifuata mpaka mwisho. Marekani desturi ni nyingine. Huko mwanafunzi huwa na fani kuu, ambayo ndiyo shahada yake, na akipenda huongeza fani ya pili iliyo ndogo kuliko ile. Tuchukue mfano wa chuo kimoja mashuhuri, Massachusetts Institute of Technology, ambacho watu hukiita MIT kwa ufupi. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1861 katika mji wa Boston, na mwaka 1916 kikahamia ng'ambo ya mto, katika mji wa Cambridge. Fani zake zina nambari, na wanafunzi hutaja nambari badala ya jina. Uhandisi wa kemikali ni Kumi, uchumi ni Kumi na Nne. Basi mzee akipata barua isemayo "nimeingia Kumi", asidhani mwanawe amerudishwa skuli darasa la kumi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Katika MIT kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe anasomea madaraja au kompyuta, sharti apasi masomo 17 ya lazima kwa wote, na kati ya hayo 8 ni ya fasihi, sanaa, historia, uchumi na mengine ya jinsi hiyo. Yaani karibu nusu ya masomo ya lazima si ya mashine wala hesabu. Kwa hiyo mzazi anayemgombeza mtoto kwa kusoma historia anamgombeza kwa kutii amri ya chuo.

Wala amri hiyo haikuletwa na washairi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili chuo kiliunda kamati ya kutazama upya mafundisho yake, na mwenyekiti wake alikuwa Warren Lewis, mwalimu wa uhandisi wa kemikali, mtu aliyetumia maisha yake katika mambo kama kutenganisha mafuta kwa moto na mvuke. Kamati hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1949, na baada yake, mwaka 1950, chuo kikaanzisha idara kubwa ya elimu za binadamu na jamii. Mtu wa mitungi na mvuke ndiye aliyesema mhandisi asiyejua habari za watu hajatimia. Sisi twamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Fani ya pili yenyewe huwa na masomo baina ya 5 na 7. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na fani za pili zaidi ya mbili, wala hawezi kuchagua ileile aliyo nayo kuwa fani kuu. Na hapa ipo hesabu ambayo mkulima ataipenda. Mtoto akichagua fani ya pili katika zile elimu za binadamu, mengi ya masomo yake yaweza kuhesabiwa pia katika yale 8 ya lazima. Atakuwa amevuna mara mbili katika mti mmoja. Tena ada ya chuo hicho hulipwa kwa muhula, si kwa somo mojamoja, kwa hiyo somo la ziada halileti ada ya ziada. Gharama yake ni usingizi wa mtoto.

Basi achague nini? Rai yetu ni kwamba aitazame fani yake kuu, aulize ni swali gani haiwezi kulijibu, kisha alifuate swali hilo. Tuseme mtoto anasoma uhandisi wa kemikali, na nia yake ni kurudi kufanya kazi katika mafuta ya makonyo, kama yale yanayotolewa katika kiwanda cha Wawi, Pemba. Elimu yake kuu itamfundisha mvuke unavyoyatoa mafuta katika makonyo, na jinsi ya kupima yujenoli, ile dawa iliyomo ndani ya karafuu ambayo madaktari wa meno huitumia. Lakini haitamwambia kwa nini bei ya karafuu ilituangukia katika miaka ya 1980. Hapakuwa na kosa lolote katika karafuu zetu. Indonesia, iliyokuwa ikizinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na miti ile ilipozaa, mnunuzi wetu akawa hatuhitaji tena. Mhandisi aliyesoma uchumi kidogo angeuliza mapema: huyu anayenunua anapanda nini kwake?

Mwingine angefaidika na elimu ya viumbe. Mikarafuu yetu ilikuwa ikikauka ghafla, mti mzima na majani yake, na ni katika miaka ya 1950 ndipo wataalamu Nutman na Roberts walipoonyesha kwamba chanzo ni kuvu. Mtu wa mashine peke yake hawezi kuligundua jambo kama hilo. Na historia, wanayoidharau wengi, ndiyo inayoeleza kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba: tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mhandisi anayejenga ghala au kiwanda kisiwani asiyeijua habari hiyo anajenga akiwa amefumba macho.

Tusiyoyapendelea ni haya. Wako watoto wanaochagua fani ya pili inayofanana mno na ya kwanza, wakitafuta alama nyepesi. Hiyo ni kuanika karafuu zilizokwisha kauka. Wako pia wazazi wanaoamrisha biashara kwa kila mtoto, kama kwamba jina la biashara peke yake ni mtaji. Ama muziki, hatuoni aibu kusema kwamba mtoto mwenye kipaji cha taarabu aachwe asome muziki. Masomo ya uhandisi ni mazito, na kitu kinachomrudishia moyo usiku kina thamani, hata kama hakiuziki.

Mwanafunzi ambaye alama zake za fani kuu zinatetereka asiguse fani ya pili kabisa. Shahada ndiyo iliyompeleka.

Kwa wale ambao watoto wao watabaki nyumbani, wakumbuke kwamba tangu mwaka 2023 chuo cha uhandisi cha India, IIT Madras, kina tawi lake hapa Zanzibar, ambalo lilianza na shahada za elimu ya takwimu na akili ya mashine. Anayeingia huko naye aulize mapema ni masomo gani ya hiari yaliyo wazi kwake nje ya fani yake, kwani kanuni za chuo kimoja si za kingine.

Katika MIT ombi la fani ya pili hupelekwa kabla ya muhula wa mwisho, kwa hiyo mtoto aliye mwaka wa pili bado ana nafasi ya kuonja somo moja au mawili kwanza. Na akiona imemshinda anaweza kuiacha. Masomo aliyopasi yanabaki katika hesabu yake, na shahada yake haipungui kitu.